Hamira kwa Ndama na Wanambuzi Wanaolikizwa: Tunajibu Maswali Yenu

Barua za mwezi huu nyingi zimeulizia hamira, ile ile ya chenga inayoumulia mkate na mandazi, na kama ina faida yoyote ikitiwa kwenye chakula cha mifugo. Maswali yanayofanana tumeyajibu kwa pamoja.

Assalaamu alaykum. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi kidogo. Nimesoma kwamba hamira hupewa watoto wa nguruwe wanaoachishwa kunyonya, wakakua vizuri na wasiharishe. Sisi huku nguruwe hatufugi. Je, hamira hiyo inafaa kwa ndama? Na ni halali? (Mfugaji, Kinyasini, Unguja)

Waalaykum salaam. Uliyoyasoma yana msingi, na chimbuko lake ni hili. Nguruwe wa kibiashara hulikizwa, yaani huachishwa kunyonya, mapema mno, kwenye wiki ya tatu au ya nne, wakati utumbo bado umezoea maziwa tu. Siku chache za mwanzo anakula kidogo sana, ukuta wa utumbo unanywea, na bakteria wa kuharisha wanapata nafasi. Miaka mingi wafugaji wa Ulaya walikuwa wakizuia balaa hilo kwa kutia antibiotiki kidogo kidogo kwenye chakula. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia tarehe 1 Januari 2006, na mwaka 2022 ukaondoa pia oksidi ya zinki ya kiwango kikubwa iliyokuwa ikitumika kama dawa. Ndipo watu wakaigeukia hamira kwa nguvu.

Msaada wa hamira ni wa namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni hamira hai, chembe zinazopumua na kufanya kazi tumboni. Ya pili ni ganda la hamira iliyokwisha kufa. Ganda hilo lina sukari ziitwazo manani, ambazo baadhi ya bakteria wa kuharisha huzing'ang'ania badala ya kung'ang'ania ukuta wa utumbo, wakatoka nazo kwenye kinyesi. Lina pia betaglukani, zinazoamsha askari wa mwili. Kwa watoto wa nguruwe zote mbili hutumika, lakini matokeo hayafanani: kwenye banda chafu lenye maradhi faida huonekana, kwenye banda safi tofauti huwa ndogo au isionekane kabisa.

Kwa ndama na mbuzi hamira hai ina kazi ambayo kwa nguruwe haina. Mnyama anayecheua ana tumbo kuu lenye bakteria wanaovunja majani, na wengi wao hawapendi hewa. Kila tonge linaloingia linabeba oksijeni kidogo, na hamira huila. Pia huwasaidia bakteria wanaotumia asidi ya laktiki, kwa hiyo mnyama akianza kula nafaka tumbo halichachuki upesi. Ndama anayelikizwa yuko hasa kwenye kipindi hicho, tumbo kuu likiwa ndiyo kwanza linajengwa. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, inafaa, bora uitie kwenye chakula kikavu. Maziwa anayonyonya ndama hupita kwenye mfereji wake na kwenda moja kwa moja tumbo la nne, hayaingii tumbo kuu, na hamira iliyomo hupita njia hiyo hiyo.

Kuhusu halali, hukumu tunawaachia masheikh, na unaweza kumuuliza wa kwenu. La kwetu ni kukueleza asili ya kitu ili uulize ukiwa unajua. Hamira ya mkate hukuzwa viwandani juu ya molasi, yaani maji mazito matamu yanayobaki baada ya kutengeneza sukari ya miwa au ya viazisukari. Iko nyingine, hamira ya bia, ambayo ni masalio ya kiwanda cha pombe. Hiyo huuzwa ikiwa imekaushwa, kama chakula cha protini. Ni vitu viwili mbalimbali. Soma mfuko kabla ya kununua.

Nina ndama watatu wa chotara na wanambuzi wanane. Naomba kipimo kamili na namna ya kuchanganya, maana niliyemuuliza dukani aliniambia "tia kidogo tu". (Msomaji, Wete, Pemba)

"Kidogo tu" ndiyo inayoharibu. Tumia mzani mdogo wa jikoni. Ukikosa, kijiko kidogo cha chai kikipigwa usawa hubeba karibu gramu 3 za hamira ya chenga.

Kipimo ni gramu 2 za hamira kwa kila kilo ya chakula kikavu cha kulikizia. Ndama anayekula kilo moja atapata gramu 2 kwa siku. Mwanambuzi anayekula robo kilo atapata nusu gramu, na hiyo inamtosha, kwani gramu moja ya hamira nzima ina chembe hai zinazohesabiwa kwa mabilioni. Kama umepata hamira iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo, fuata maandishi ya mfuko wake, maana nguvu zinatofautiana. Hamira ya mkate imechaguliwa kwa kuumua unga na ile ya mifugo kwa kustahimili tumboni. Ya mifugo ni bora zaidi, lakini ya mkate si bure.

Chakula chenyewe, kwa kilo 50, kinaweza kuwa hivi: mahindi ya paraza kilo 20, pumba za mahindi kilo 8 na nusu, mashudu ya nazi kilo 10, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 10, madini ya ng'ombe kilo 1, chumvi nusu kilo. Protini yake inakaribia asilimia 17. Soya lazima ikaangwe mpaka ibadilike rangi na harufu ya ubichi iondoke, kwani mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe. Mashudu ya pamba msiwape wadogo, yana sumu ambayo ndama hawajaweza kuimudu. Pumba za mpunga za mashine ya kijijini mara nyingi huja na makapi. Makapi yanashibisha tumbo bila ya kulisha, tena yanakwaruza. Kama huna budi kuzitumia, zichekeche, na uzimalize ndani ya wiki mbili kwani mafuta yake huchacha haraka.

Usipime kwa pishi. Pishi ya paraza na pishi ya pumba hazilingani uzito hata kidogo, na hapo ndipo mchanganyiko unapokosa protini na mwenyewe asijue kwa nini ndama wana matumbo makubwa na migongo mikavu.

Kuchanganya: kwanza changanya paraza, pumba, mashudu, madini na chumvi juu ya sakafu safi au turubai, geuza kwa koleo mara nne au tano. Soya ikiwa imetoka kukaangwa iache ipoe kabisa kabla ya kuitia. Pembeni, chukua gramu 100 za hamira uchanganye na kilo moja ya pumba zile zile, uliyoibakisha kando, kwenye beseni mpaka usiione tena. Ongeza kilo tano za mchanganyiko mkubwa, geuza. Kisha rudisha yote kwenye fungu na ugeuze mara tano nyingine. Ukiimwaga hamira moja kwa moja juu ya kilo 50, ndama mmoja atakula ya wiki nzima na mwengine hatapata hata chembe. Hamira na chumvi pia zisikutane peke yao kwenye beseni, chumvi huinyonya maji ikafa.

Ndama watatu kwa kilo moja na wanambuzi wanane kwa robo kilo ni kilo tano kwa siku, kwa hiyo kilo 50 zitakwisha siku kumi. Hilo ni jambo jema: usichanganye ya mwezi mzima.

Anza wiki mbili kabla ya kulikiza, endelea wiki sita baada yake. Kila siku, bila kuruka, kwa sababu hamira haiweki makazi tumboni. Ukiiacha siku mbili imeshatoka yote. Na ndama usimlikize kwa kutazama kalenda peke yake. Mwache akile chakula kikavu kuanzia wiki ya pili, ngumi moja moja, maji safi yakiwa mbele yake muda wote. Akifika kula kilo moja kwa siku, siku tatu mfululizo, punguza maziwa polepole kwa siku saba mpaka kumi. Kwa chotara hilo huja kati ya wiki ya 8 na ya 12. Wanambuzi ngoja miezi mitatu. Wenye ng'ombe wa kienyeji wanajua kwamba wengi hawateremshi maziwa bila ndama kuwapo. Hao ndama hubaki na mama, na hamira mpe kwenye chakula chake cha pembeni mahali mama hafiki.

Jambo moja la kondoo, kwa mwenye nao bandani: madini yao yawe ya kondoo. Shaba iliyomo kwenye madini ya mifugo mingine hujikusanya kwenye ini lao na kuwaua.

Nimetumia hamira wiki tatu na sioni tofauti. Naitia kwenye uji wa pumba asubuhi. Mfuko nimeufungua tangu mwezi wa Ramadhani. (Makunduchi)

Umeiua mara mbili. Chembe za hamira hufa joto likipita nyuzi 55 hadi 60, na uji unaotoka jikoni uko juu ya hapo kwa mbali. Chakula kilichoshindiliwa kuwa punje kiwandani nacho hupita kwenye mvuke wa nyuzi 70 au 80, kwa hiyo hamira ya kawaida iliyotiwa kabla ya kushindiliwa haifiki hai. Ukitaka kutoa uji, uache mpaka ukitia kidole uhisi joto la mwili wako, ndipo utie hamira, na wape saa ile ile.

La pili ni hewa yetu. Hamira kavu ina unyevu wa kama asilimia 5 tu, na huo ukavu ndio unaoilaza. Mfuko ulioachwa wazi jikoni wakati wa masika hunyonya unyevu, chembe zinaamka, hazina chakula, zinakufa. Nunua pakiti ndogo. Ukifungua, mimina kwenye chupa kavu ya kifuniko cha kuzungusha uiweke kwenye friji, na uchote kwa kijiko kikavu. Asiye na friji asinunue zaidi ya anayoitumia wiki mbili.

Kipimo cha kujua kama iko hai ni rahisi na tunamhimiza kila mtu akifanye kabla ya kuchanganya: glasi ya maji ya uvuguvugu, kijiko kidogo cha sukari, kijiko kidogo cha hamira, koroga, funika. Ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano inapaswa kutoa povu zito juu. Povu dogo la pembeni maana yake nyingi imekufa. Kisichotoa povu bado kina ganda lenye faida kidogo, lakini kazi ya tumbo kuu hakitafanya.

Ninauza mandazi Mwanakwerekwe. Donge linalobaki nawapa mbuzi jioni, kwa vile lina hamira. Na jirani ananishauri nirowanishe pumba na hamira na sukari usiku kucha. Nifanye lipi? (Msomaji)

Usifanye lolote kati ya hayo, dada yetu. La donge tunakuomba uliache leo hii. Unga mbichi ulioumuka ukiingia tumboni, kwenye joto la nyuzi 39, unaendelea kuumuka. Tumbo linavimba upande wa kushoto, ngano inageuka asidi kwa kasi, na hamira inatengeneza pombe inayoingia kwenye damu. Mbuzi atayumba, atalala, atasaga meno, na anaweza kufa kabla ya alfajiri. Mbuzi akishakula donge na umemuona anavimba, mwite daktari wa mifugo saa ile ile, usingoje asubuhi. Msimamishe, miguu ya mbele iwe juu kidogo kuliko ya nyuma, na umzuie asile kitu kingine. Mandazi yaliyokwisha kukaangwa, moja au mawili kwa mbuzi mkubwa, hayana neno, mradi hayana ukungu.

Pumba zilizorowanishwa na hamira na sukari usiku kucha hutoa pombe kidogo. Hiyo peke yake inatosha kwa wengi wetu kuiacha. Zaidi ya hapo, chombo hicho hakina hamira tu. Kwa joto la Unguja kila kilichokuwamo kwenye pumba kinazaliana pia, na asubuhi hujui umewapa nini.

Ndama wangu ameharisha siku ya nne baada ya kulikizwa. Nimeongeza hamira mara tatu lakini haachi. (Konde, Pemba)

Hamira si dawa ya kuharisha. Irudishe kwenye kipimo chake, kwani kuiongeza hakumponyeshi.

Kinachoua ndama anayeharisha ni kupotewa na maji na chumvi. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimepigwa usawa. Mpe ndama lita mbili kwa mkupuo, mara mbili au tatu kwa siku, mbali na wakati wa maziwa kama bado anayapata. Mwanambuzi mpe robo lita mara kadhaa. Nafaka ipunguze nusu kwa siku mbili, majani makavu yaweko. Vuta ngozi ya shingoni uiachie: ikikaa zaidi ya sekunde mbili bila kurudi, macho yakiwa yamezama, au mdomo wa ndani ukiwa baridi, ya kunyweshwa hayatoshi tena, anahitaji kutiwa maji ya mshipani na daktari.

Kisha tafuta sababu. Kinyesi chenye damu au kamasi nyeusi, hasa kwa wanambuzi wa wiki tatu mpaka miezi mitano, mara nyingi ni kokisidia, maradhi ya vijidudu vya utumboni, na kulikizwa huiamsha. Dawa yake ipo, na kipimo atakupa daktari kwa uzito. Chini ya banda kukiwa na maji yaliyotuama, utatibu na itarudi. Inua sakafu au tia matandiko makavu, na chombo cha chakula kining'inie wasikikanyage. Ndama mwenye homa kali, tezi za chini ya sikio zimevimba na anapumua kwa shida, hana tatizo la tumbo: hiyo inaelekea kuwa ndigana kali ya kupe, na kila saa moja ina thamani.

Antibiotiki akipewa, hamira unaweza kuiendeleza. Hamira ni jamii ya kuvu, haiuliwi na dawa za bakteria.

Mashudu ya nazi yamepata ukungu kidogo. Nimesikia hamira hunyonya sumu. Nichanganye tu? (Mkoani)

Hapana. Yako maganda ya hamira yanayouzwa kwa kazi ya kunasa sumukuvu, na kwa baadhi ya sumu yanasaidia, lakini ile mbaya zaidi ya mashudu na mahindi, aflatoksini, huyaponyoka sana; udongo maalumu wa bentonaiti huishika vizuri zaidi. Hamira ya mkate hai usiitegemee kabisa kwa jambo hilo. Aflatoksini anayoila ng'ombe wa maziwa hutoka kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi, kwa hiyo inafika kwa watoto nyumbani. Mashudu hayo yatupe. Yanayokuja yaanike juani mpaka yakauke sawasawa, yawekwe kwenye polo juu ya mbao, mbali na ukuta. Machicha ya jikoni yaliyokamuliwa tui yaliwe siku ile ile.

Na kuku? (Wengi)

Kwa vifaranga kinachotumika zaidi ni ganda la hamira, kilo 1 hadi 2 kwa tani ya chakula, yaani gramu 50 hadi 100 kwa mfuko wa kilo 50, wiki tatu za mwanzo. Chakula cha vifaranga cha kiwandani angalia kama kimeandikwa monensini, dawa ya kuzuia kokisidia. Kikiwa nayo, punda asikisogelee. Kiasi kidogo tu humsimamisha moyo.

Nitajuaje kama fedha ninayotia kwenye hamira inarudi? (Cheju)

Pima. Huhitaji mzani wa ng'ombe, futi ya fundi cherehani inatosha. Zungusha futi nyuma ya miguu ya mbele upate mzingo wa kifua kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Ndama mwenye mzingo wa 100 na urefu wa 90 atatoka kilo 83. Pima kila siku 14, asubuhi kabla hajala, mtu yule yule akishika futi. Chotara anayelishwa vizuri huongeza nusu kilo hivi kwa siku.

Ukiwa na ndama wawili wa umri mmoja, mmoja mpe na mwengine usimpe, chakula kingine chote kikiwa sawa. Wawili ni wachache kutoa hukumu, kwa hiyo rudia na wanaofuata, na uandike pia siku walizoharisha na dawa ulizonunua. Kwa siku 60 ndama mmoja hutumia kati ya gramu 120 na 200 za hamira. Weka bei yake upande mmoja, upande wa pili weka kilo za ziada na fedha ya dawa uliyookoa. Kama baada ya ndama sita pande mbili hazijatofautiana, fedha ile ihamishie kwenye soya.